Kipimo kimesema hakuna kitu, lakini watoto wawili hawasikii

Kwenye koo nyingi za kwetu mtoto akigundulika hasikii swali la kwanza sio atasoma wapi wala tutaongea naye vipi, swali la kwanza ni katoa upande gani. Na jibu linakuwa limeshapatikana kabla ya swali lenyewe, ni upande wa mama. Mama alimcheka kiziwi sokoni akiwa na mimba, mama alikula kitu alichokatazwa, kwao kuna jambo, bibi yake alikuwa na mambo yake. Nimeyasikia yote haya yakisemwa na watu ninaowapenda na kuwaheshimu kwa hiyo sijakaa hapa kumtukana mtu. Naandika kwa sababu kuna zaidi ya miaka 30 ya utafiti wa vinasaba vya usikivu, na sehemu kubwa ya kilichopatikana haijatufikia, na ile iliyotufikia imekuja nusu, na nusu hiyo inaweza kumuumiza mama kuliko angekuwa hajui chochote.

Anayenihusu ni dada yangu anayenifuata. Ana watoto wanne, wa kwanza na wa tatu hawasikii tangu kuzaliwa, wa pili na wa nne wanasikia vizuri kabisa. Yeye anasikia, shemeji anasikia, na ukiuliza wazee wa pande zote mbili hakuna anayemkumbuka kiziwi kwenye ukoo. Kwa mama mkwe wake hilo ndo lilikuwa ushahidi mkubwa kwamba sio ya damu, maana ingekuwa ya damu si tungeiona kwa babu?

Hapa sisi Watanzania tuna bahati moja, selimundu tunaijua. Karibu kila mtu ameshasikia kwamba baba hana tatizo, mama hana tatizo, wote wawili wamebeba kinasaba kimoja kimoja bila kujijua, wakikutana kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata vyote viwili na kuumwa. Uziwi mwingi wa kurithi unakwenda kwa njia hiyohiyo. Ule usioambatana na tatizo lingine mwilini, kama asilimia 80 yake unahitaji kinasaba kilichobadilika kutoka kwa baba NA kutoka kwa mama. Sio kutoka kwa mmoja. Pande zote mbili zinakuwa zimechangia sawasawa, na kinasaba chenyewe kinaweza kusafiri kimyakimya vizazi na vizazi mtu anazaa wajukuu na vitukuu wote wanasikia, mpaka siku mbebaji akutane na mbebaji mwenzake. Ndo maana watoto viziwi zaidi ya 9 kati ya 10 wazazi wao wanasikia. Kutokuwepo kiziwi kwenye ukoo hakuthibitishi kwamba sio urithi, yaani hiyo ndo sura ya kawaida kabisa ya urithi wenyewe.

Na kwa wale wa pwani wenzangu, najua tunasema binamu nyama ya hamu. Ndoa ya binamu haileti uziwi, ila inaongeza uwezekano kwamba wote wawili mmebeba kinasaba kilekile kilichobadilika kutoka kwa babu mmoja. Dada na shemeji hata hawana undugu, mmoja wa Tanga mwingine wa Songea, na bado wamekutana.

Sasa nusu iliyotufikia. Kuna ndugu yetu yuko nje akasaidia, wakatolewa sampuli, baada ya muda majibu yakarudi karatasi moja: GJB2 na GJB6 (hayo ni majina ya vinasaba viwili), hakuna mabadiliko yaliyoonekana. Basi. Hakuna aliyekaa na dada kumwelezea hiyo sentensi ina maana gani. Mama mkwe akaelezwa kwamba kipimo cha vinasaba hakijaona kitu, akasema si mnaona, mzungu mwenyewe kathibitisha, sio ya damu hii. Dada alilia sana siku hizo. Mimi ndo nikaanza kusoma, na nilichokuta nataka kila mzazi aliyepewa karatasi kama ile akijue.

Mwaka 1994 timu ya Christine Petit wa taasisi ya Pasteur kule Paris ilifanikiwa kwa mara ya kwanza kuonyesha mahali kinasaba cha uziwi wa aina hii (ule wa pande mbili) kilipo, kwenye kromosomu (vifurushi vinavyobeba vinasaba) namba 13. Unajua walitumia damu za nani? Familia mbili za Tunisia, wazazi ndugu kwa ndugu. Damu ya Afrika, kaskazini lakini Afrika. Miaka mitatu baadaye, 1997, watafiti wa London wakakitaja kinasaba chenyewe, GJB2, kinachotengeneza protini inaitwa konexini 26. Ndani ya sikio, kwenye koklea, kuna seli zenye vinyweleo kama 15,000 kila sikio na zikifa haziotei nyingine. Kila sauti inapopiga, potasiamu inaingia kwenye hizo seli, na lazima itolewe irudishwe kwenye maji ya koklea ili sauti inayofuata isikike. Konexini 26 inajenga vijimlango kati ya seli na seli ambavyo potasiamu inapitia kurudi. Vijimlango vikikosekana mzunguko unakwama, na mtoto anazaliwa hasikii ingawa masikio kwa nje yako safi na ubongo uko sawa.

Kilichowashangaza watafiti ni jinsi kinasaba hiki kimoja kilivyobeba mzigo mkubwa. Kuna vinasaba zaidi ya 120 vinavyojulikana sasa hivi kusababisha uziwi usio na dalili nyingine, ungetegemea kila kimoja kiwe na kafungu kake kadogo, kumbe Ulaya na nchi za Mediterania GJB2 peke yake inakaribia nusu ya kesi za pande mbili. Na ndani ya GJB2 kosa moja tu ndo limetawala, linaitwa 35delG: kinasaba kimeandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na kuna sehemu zimejipanga herufi G sita mfululizo, moja imedondoka, kuanzia hapo maandishi yote yanasomeka hovyo na protini inakatika njiani. Kusini mwa Ulaya mtu 1 kati ya 35 kalibeba, kaskazini na katikati 1 kati ya 79. Kwa hiyo kule ukianza kumpima mtoto kiziwi ni akili kabisa kuanza na GJB2. Bei ndogo, kinasaba kifupi, nafasi kubwa ya kupata jibu. Kipimo kikaenea dunia nzima hivyo kilivyo, kimejengwa kwa hesabu za kule.

Hapa ndo anaingia Ambroise Wonkam. Ni daktari wa vinasaba, mzaliwa wa Cameroon, kafanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Cape Town na sasa yuko Johns Hopkins, Marekani. Waliofuatilia utafiti wa selimundu huenda jina wanalijua kwa sababu kwenye ule mtandao wa SickleInAfrica ambao kitovu chake kimoja ni Muhimbili kwa Profesa Julie Makani, yeye alikuwa anaongoza kituo cha data kule Cape Town. Basi Wonkam na wenzake walichukua watoto viziwi wa Cameroon na Waafrika weusi wa Afrika Kusini wakatafuta GJB2 na GJB6. Matokeo yakatoka 2014: hawakupata hata mtu mmoja ambaye uziwi wake ungeelezwa na vinasaba hivyo. Na tafiti nyingine za kusini mwa Sahara zikawa zinaelekea hukohuko, GJB2 ipo kidogo sana au haipo kabisa.

Ukiielewa hiyo, karatasi ya dada inasomeka tofauti kabisa. Haisemi watoto hawajarithi. Inasema tumefungua vyumba viwili kati ya zaidi ya 120, vyumba ambavyo kwa watu wa asili yenu karibu siku zote tunavikuta vitupu, na leo pia tumevikuta vitupu. Kuna watu wamefunga ndoa, wamevunja ndoa, wamepelekana kwa waganga kwa karatasi ya namna hii, nina uhakika dada sio wa kwanza. Naamini anayempa mzazi majibu hayo bila kumweleza hili anamwacha pabaya kuliko alivyomkuta.

Lakini Afrika ina sehemu moja ambayo inavunja utaratibu wote huo na mi nimeipenda sana hii stori, ni Adamorobe.

Adamorobe ni kijiji cha Ghana, kiko kwenye vilima vya Akuapem, sio mbali na Accra. Kimekuwa na viziwi wengi kwa vizazi na vizazi kiasi kwamba wana lugha yao ya alama waliyoizaa wenyewe, haikuletwa na mmisionari wala shule, na wanaosikia pia wanaijua, sio wote kwa ufasaha lakini mtu anatoka shambani anapita kwa jirani yake kiziwi wanapiga stori za mvua na bei ya mihogo kama kawaida. Annelies Kusters, mwanaanthropolojia wa Ubelgiji ambaye na yeye ni kiziwi, aliishi pale akifanya utafiti, wakati wake kulikuwa na viziwi kama 40 kwenye watu wapatao 3,500. Zamani kijiji kikiwa kidogo uwiano ulikuwa mkubwa zaidi. Wenyeji wana maelezo yao, kuna yanayohusisha miungu ya kijiji, na siyadharau kwa sababu mtu akiona jambo linajirudia kwenye familia miaka yote hiyo lazima atafute maelezo, hata sisi si tumetafuta.

Mwaka 1998 watafiti wa Ghana wakishirikiana na wa Ujerumani wakachapisha walichokipata kwenye damu za Adamorobe. GJB2! Kinasaba kilekile, ila sio 35delG ya Wazungu. Konexini 26 imejengwa kwa vipande 226 vilivyofuatana, pale kijijini kipande cha 143 kimebadilishwa, badala ya arijinini kuna triptofani, na mabadiliko yakapewa jina R143W. Hayo tu. Kipande kimoja kati ya 226 na vijimlango vinashindwa kufanya kazi. Watu wote viziwi wa pale waliopimwa walikuwa nacho pande zote mbili, maana yake kilianzia kwa mtu mmoja huko nyuma sana, kikaenea kimya, na kijiji kilivyokuwa kinaoana chenyewe kwa chenyewe wabebaji wakawa wanakutana mara kwa mara.

Kwa muda ilidhaniwa hiyo ni habari ya kijiji kimoja. Baadaye Samuel Adadey, kijana wa Kighana, pamoja na Gordon Awandare wa Chuo Kikuu cha Ghana na Wonkam huyohuyo, wakazunguka kwenye shule za viziwi sehemu mbalimbali za Ghana wakachukua familia zenye watoto viziwi zaidi ya mmoja. Matokeo ya 2019 yalionyesha R143W iko kwenye karibu robo ya familia hizo. Nchi nzima, sio Adamorobe peke yake. Kwa hiyo Ghana leo ukitaka kumpima mtoto kiziwi unaweza kuanza na kipimo kimoja cha bei ndogo cha R143W na ukawapa jibu kamili familia nyingi tu. Angalia hiyo ilivyopatikana. Haikupatikana kwa kuazima kipimo cha Ulaya, ilipatikana kwa watu wa Ghana kwenda kwenye shule za Ghana kuuliza swali kwa watoto wa Ghana. Cameroon jibu ni jingine. Kwetu jibu litakuwa jingine tena, na liko hapahapa, Buguruni, Tabora, Songea, kwenye familia zenye watoto wawili watatu wasiosikia ambazo hakuna aliyezifuata.

Na njia ya kulifuata ipo. Wonkam na wenzake wameacha kubahatisha chumba kimoja kimoja, wanasoma sehemu zote za vinasaba zinazotengeneza protini kwa mkupuo, wanalinganisha mtoto kiziwi na ndugu yake anayesikia na wazazi wote wawili. Familia za Cameroon na Ghana zimeshapata majibu kwa njia hiyo, nyingine mabadiliko ambayo hayakuwa yameandikwa popote duniani. Ndo maana mtoto wa pili na wa nne wa dada wana thamani kubwa kwa mtafiti, wao ndo wanaosaidia kuchuja kipi ni cha uziwi na kipi ni tofauti ya kawaida tu.

Sasa kuna jambo la Adamorobe sitaki kulipita haraka. Mwaka 1975 chifu wa kijiji alipiga marufuku kiziwi kuoana na kiziwi. Mtu anaweza kusema si sawa tu, wote wana R143W pande mbili, wakioana watoto wao wote watakuwa viziwi, hesabu ndivyo inavyosema. Hesabu ni kweli kwa pale. Lakini viziwi wengi wa Adamorobe walizaliwa na wazazi wanaosikia, sheria haikuwagusa hao, iliyemgusa ni kijana kiziwi na binti kiziwi waliopendana, wakaambiwa ninyi hapana. Mi naona ni dhuluma. Na nikisema hivyo sio kwamba nachukia utafiti, ni kwamba nimeona huko kwingine mambo yaliishia wapi.

Alexander Graham Bell, huyu wa simu, mama yake alikuwa kiziwi, mke wake kiziwi, na bado mwaka 1883 aliwasilisha andiko akionya kwamba viziwi wakizidi kuoana wao kwa wao itatokea jamii ya binadamu viziwi. Akashauri mambo yanayowakutanisha yapunguzwe, shule zao, walimu viziwi, lugha yao ya alama. Na hesabu yake hata haikuwa sahihi, maana viziwi wawili mara nyingi uziwi wao unatoka kwenye vinasaba tofauti na wanazaa watoto wanaosikia. Miaka 50 baadaye, Julai 1933, Ujerumani ya Hitler ikatunga sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu na uziwi wa kurithi ukaandikwa kwenye orodha. Maelfu ya viziwi walifanyiwa. Wengine walipelekwa na walimu wao wenyewe.

Kwa hiyo kiziwi mtu mzima akikuangalia kwa mashaka ukimwambia kuhusu vinasaba usimwone mjinga, anajua historia. Mpwa wangu mkubwa sasa ni kijana, anasoma, anapiga stori kwa lugha ya alama mpaka usiku, ana marafiki zake. Nilipomweleza kuhusu utafiti swali lake la kwanza lilikuwa wanataka tusizaliwe? Nilimjibu ninachoamini, kwamba kujua sababu na kuamua nani azaliwe ni mambo mawili, na kwamba wenye haki ya kusema utafiti utumike vipi ni pamoja na yeye, kwa lugha yake, akiwepo mkalimani anayejua anachofanya, na fomu ya ridhaa asainie akiwa ameielewa. Akakaa akafikiri akasema basi mwambie mama kwanza. Mwambie sio kosa lake. Hiyo kwake ndo ilikuwa faida ya kwanza ya kinasaba, na mi nakubaliana naye.

Turudi kwenye upande wa mama kidogo maana kuna njia moja ambayo kweli inapita kwa mama peke yake, na kuijua kunaweza kuokoa masikio ya mtu. Mbali na vinasaba vya kwenye kromosomu, kuna DNA (maandishi ya vinasaba) ndogo iko ndani ya mitokondria, vile vijimtambo vya nguvu ndani ya seli, ina herufi 16,569 na kila mtu anaipata kutoka kwa mama yake tu. Mwaka 1993 iligundulika kwamba kuna watu herufi ya 1555 kwao imebadilika kutoka A kwenda G. Wengi wao wanaweza kuishi miaka wakisikia. Lakini wakichomwa dawa za kundi la jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini, wanaweza kupoteza usikivu hata kwa dozi ya kawaida ambayo mwingine isingemfanya kitu. Familia za namna hiyo unasikia, mjomba alizibwa masikio baada ya sindano, mama mdogo naye baada ya sindano, na watu wanasema ni mkono wa nesi.

Hapa niwe makini jamani. Jenta inaokoa vichanga wengi sana, mtoto mchanga akiwa na maambukizi kwenye damu ndo dawa anayopewa pamoja na ampisilini, na WHO ndivyo inavyoelekeza, kwa hiyo asitokee mtu akakataa sindano ya mwanae kwa sababu ya posti yangu. Na dozi kubwa au za muda mrefu zinaweza kuharibu masikio ya mtu yeyote hata asiye na hayo mabadiliko, ndo maana kanamaisini kwenye kifua kikuu sugu WHO iliacha kuipendekeza kuanzia 2018. Ninachosema ni kwamba kama kwenu upande wa mama kuna watu zaidi ya mmoja waliopoteza usikivu baada ya sindano, hiyo taarifa mpe daktari mapema, iandikwe kwenye faili. Na hata hapo mama hana hatia, alipewa na mama yake ambaye alipewa na mama yake.

Najua mtu ataniuliza, sawa umejua kinasaba, halafu? Mpaka juzijuzi jibu lilikuwa dogo, ushauri kwa familia na kujua mtoto atafaidika vipi na mashine ya kusikia au kupandikizwa kifaa kwenye koklea, kitu ambacho Muhimbili walianza kukifanya mwaka 2017. Sasa kuna jipya. Kuna kinasaba kinaitwa OTOF, kinatengeneza otoferlini, ambayo kazi yake ni kuiwezesha seli ya koklea kutuma ujumbe kwenye mshipa wa fahamu. Mtoto asiye nayo seli zake ziko hai, zinaipokea sauti, ila hazitoi habari kwenda kwenye ubongo. Januari 2024 timu ya Yilai Shu wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, ilichapisha matokeo ya watoto 6 waliowekewa OTOF nzima ndani ya sikio kwa kubebwa na kirusi kisicho na madhara. Kirusi kinabeba herufi kama 4,700 na kinasaba kina kama 6,000, hakitoshi, wakakikata nusu mbili, kila nusu kwenye kirusi chake, zinaungana zikishafika ndani ya seli. Watoto 5 kati ya 6 walianza kusikia.

Nilisoma hiyo nikasimama nikatembea chumbani. Halafu nikarudi kukaa. Kwa sababu OTOF ni asilimia chache tu za uziwi wa kurithi, na tiba hiyo haimsaidii mwenye GJB2 wala mwenye kingine, kila kinasaba kitahitaji kazi yake peke yake, na ni vya wapi vitafanyiwa kazi kwanza? Vile ambavyo vimeonekana kwenye damu zilizopimwa. Mtoto wa Cameroon ambaye kinasaba chake kimejulikana juzi yuko nyuma kwenye foleni, na mtoto wa Kitanzania ambaye chake hakijatafutwa kabisa hayupo hata kwenye foleni. Hili linaniuma na sitajifanya haliniumi. Tumeonyesha kwenye selimundu kwamba utafiti wa vinasaba wa kiwango cha dunia unafanyika hapa na Watanzania, maabara zipo, watu wamesomeshwa. Inabaki masikio nayo yaonekane ni jambo.

Kwa mzazi anayesoma hii leo na ana mtoto asiyesikia. Kwanza lugha, mtoto apate lugha sasa hivi, ya alama, usisubiri kinasaba wala kifaa, ubongo wa mtoto hausubiri. Ukipewa majibu ya vinasaba uliza mmepima vingapi na vipi, na watu wa asili yetu huwa mnapata jibu mara ngapi. Muangalie mtoto na ndugu zake vizuri, kuna kishungi cha nywele nyeupe mbele ya kichwa, jicho moja bluu moja jeusi? Hiyo ina jina, Waardenburg, kinasaba chake kimoja PAX3 kinajulikana tangu 1992, na hapo hata kupima hupimi gizani. Sio alama ya jini.

Na hili la mwisho lisome mara mbili. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, waliandika kuhusu familia yenye watoto 6, wanne viziwi, na hao wanne walikuwa wanazimia zimia. Watatu walikufa ghafla. Ilikuwa moyo. Kuna kinasaba kingine, sio GJB2, kinachosafirisha potasiamu kwenye sikio, na hichohicho kinafanya kazi hiyo kwenye moyo pia. Ni hali adimu, lakini kwetu mtoto kiziwi akizimia akikimbia au akishtuka ataambiwa ana kifafa au ana mapepo, na atatembezwa huko mpaka siku asiamke. Kipimo chake ni ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kawaida, dakika chache, hata hakiumi, na ikionekana kuna dawa za kumlinda. Mwombe daktari aifanye hata kama mtoto hajawahi kuzimia. Dada aliomba, wakamwangalia kwa mshangao kidogo, akasimama palepale mpaka watoto wote wawili wakapimwa.